Bathdei ya Mumbua na Maombi ya Mvua

Leo nimepata aibu. Si ile aibu ndogo ya kuteleza sokoni ukaamka haraka na kuangalia kama kuna mtu ameona. Hii ni aibu ya spika mbili kubwa na jenereta. Mji mzima wa Wote umesikia, na wale ambao hawakusikia wameshaambiwa. Kwa hivyo nawasimulia mwenyewe, kabla mtu mwingine hajawaletea akiwa ameongeza chumvi.

Mumbua wangu mnamjua. Alizaliwa mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha hadi mkunga akaja na gambuti, ndiyo maana akaitwa Mumbua, mtoto wa mvua. Jina zuri sana. Shida ni kwamba bathdei yake huangukia wakati ambao hakuna Mkamba mwenye akili timamu ana nafasi ya kula keki. Mvua ikinyesha leo, kesho watu wote wako shambani wanapanda. Mwalimu yuko shambani. Mwenye duka amefunga duka, yuko shambani. Ukimwalika mtu anakuangalia halafu anauliza kama uko sawa.

Alipofikisha miaka minne nilialika watu kumi. Wakaja wawili, mmoja na jembe begani, akala keki amesimama. Mwaka uliofuata hakuja hata mmoja. Mimi na yeye tulikula ile keki siku nne, hadi mbwa akaikataa. Alipofikisha sita nikajifanya mjanja, nikaisogeza mpaka Desemba, kumbe wenzake wote wameenda kwa nyanya zao. Jioni hiyo akaniuliza, "Mami, kwani mimi ndio watu hawapendangi?"

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Halafu nikapangusa uso na nikaapa. Akifika saba kutakuwa na bathdei, na watu watajaa, hata kama nitawabeba mgongoni mmoja mmoja.

Sasa mwaka huu mvua imechelewa. Hilo sihitaji kuwaambia. Mashamba yamelimwa, mbegu za ndengu na mbaazi zimelala kwenye gunia, watu wanaangalia juu hadi shingo zinawauma. Hata mimi nina nusu ekari yangu, msidhani sina uchungu. Lakini nilipohesabu siku nikaona Jumamosi ya bathdei inakuja na mbingu ni kavu, moyo wangu (Mungu anisamehe) uliruka kwa furaha. Nikasema, hii ndiyo nafasi. Hawana pa kwenda. Watakuja.

Nikaenda kulipia kona katika ile bustani ya umma hapa mjini, upande wa chini karibu na bembea, kuanzia saa nne. Nikaalika darasa lote la Mumbua, watoto thelathini na wawili. Nikamshonea gauni la manjano (mimi ni fundi wa nguo, hapo hakuna wa kuniambia kitu). Nikamwita mama yangu kutoka Migwani aje aone mjukuu wake akisherehekewa. Akafika Alhamisi na kuku watatu wazima na maoni yake mengi.

Halafu nikaanza kuomba. Kila asubuhi kabla Mumbua hajaenda shule tulikuwa tunashikana mikono, mimi na yeye, nasema: "Baba, unajua tunahitaji mvua. Lakini ishikilie kidogo tu, mpaka Jumamosi jioni. Jumapili ukitaka fungua mbingu zote." Wiki mbili nzima. Nilidhani ni ombi la adabu. Nilikuwa hata nimempa Mungu saa.

Jambo ambalo sijawaambia ni kwamba mimi ni mwanakamati wa maombi kanisani kwetu. Kamati ya kuombea nini? Mvua. (Chekeni mmalize, nangoja.)

Jumatatu Mama Nzioki, mwenyekiti wetu wa kina mama, akatangaza kwamba makanisa manne yataungana Jumamosi kufunga na kuombea mvua, ndani ya kanisa letu, asubuhi hadi jioni. Orodha ikatolewa. Nani ataongoza ombi la saa sita? Mimi.

Sasa nyinyi mngefanya nini? Kuahirisha tena? Ningemwambia nini huyo mtoto? Nikaandika kwenye grupu ya kina mama: "Wapendwa, nimeitwa Migwani kumwangalia mama. Tuko pamoja kwa roho." Wakanitumia ile mikono ya maombi, arubaini hivi. Wakati huo mama mwenyewe alikuwa ameketi karibu nami, anachambua mchele. Nikanyamazisha grupu ili dhamiri ipumzike.

Leo asubuhi jua limetoka kali, mbingu safi, hata wingu la kusingizia hakuna. Saa tatu nilikuwa bustanini nafunga baluni. Saa nne watoto wakaanza kuingia. Watano. Kumi. Kufikia saa tano walikuwa thelathini na mmoja! (Aliyekosa ana tetekuwanga, nimemsamehe.) Mumbua alisimama langoni na gauni lake la manjano na taji la karatasi, anampokea kila mtu kwa mkono. Kila mara anakimbia kunijulisha, "Mami, amekuja mwingine! Mami, mwingine!" Nilikuwa na furaha hadi kifua kikaniuma.

Kwa furaha hiyo nikakubali kila kitu. Watoto wakasema nivae kofia ya karatasi, ile yenye ncha na manyoya ya waridi juu. Nikavaa. Wakasema nipakwe rangi usoni niwe paka. Nikapakwa. Pua nyeusi na masharubu sita. Tukapanga kukata keki saa sita kamili.

Saa sita kasorobo nikasikia wimbo kwa mbali. Wimbo wa kanisa, wa Kikamba, na ngoma. Nikadhani ni mazishi yanapita barabarani. Wimbo ukakaribia. Ukakaribia tena. Ukaingia langoni.

Mbele alikuwa mchungaji wetu. Nyuma yake watu mia mbili na zaidi, kina mama na vitambaa vyeupe vichwani, wazee na fimbo zao, na mkokoteni uliobeba jenereta na spika mbili. Ngai wakwa, Mungu wangu! (Baadaye nilisoma kwenye grupu. Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje, ikaamuliwa saa tano kwamba wahamie bustanini, waombe chini ya mbingu zenyewe. Kila mtu alijulishwa, isipokuwa aliyenyamazisha simu.)

Walienda upande wa juu wa bustani, hatua hamsini kutoka kwangu. Hakuna ua katikati. Hata vichaka vya kujificha kiangazi hiki kimevimaliza.

Nikachuchumaa nyuma ya meza ya keki. Mimi, mtu mzima, na kofia yenye ncha inaonekana juu ya meza. Pengine ningepona. Lakini mama yangu akaniita kwa ile sauti ya kwao Migwani, ya kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine.

"Ndunge! Mbona umechuchumaa? Ni tumbo?"

Mama Nzioki akageuka. Akaangalia. Akavua miwani, akaipangusa na leso, akaivaa tena. Halafu akaja, polepole, hatua zote hamsini.

"Mama Mumbua?"

"Bwana asifiwe, Mama Nzioki."

"Asifiwe sana. Hapa ndio Migwani?"

Nikaanza kunyoosha kitambaa cha meza.

"Na mama?" akaendelea. "Anaendeleaje? Tumekuwa tukimuombea tangu jana."

Mama yangu akainuka, paja la kuku mkononi. "Mimi niko sawa kabisa! Kwani wewe ndio Mama Nzioki? Ndunge husema wewe ni mkali lakini uko na roho mzuri."

Mama Nzioki alimsalimia kwa heshima, mikono miwili. Akaniangalia mimi, kutoka kofia hadi masharubu. "Tutaongea," akasema, na akarudi kwa wenzake. Nikashusha pumzi. Nikajiambia, basi, imeisha, nitaitwa kwenye kamati Jumanne, nitaomba msamaha, nitaosha vyombo vya kanisa mwezi mzima. Kata keki, Ndunge. Nikatafuta kisu.

Wapi! Mchungaji alikuwa ameshika maikrofoni.

Mchungaji wetu ni mtu mpole, hana neno na mtu. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kwake ni ishara. Akawaona watoto wangu na baluni zao, uso ukang'aa. "Haleluya! Wapendwa, mnaona? Mungu ametutangulizia watoto hapa! Ombi la mtoto halina breki. Mimi nataka mtoto mmoja, mmoja tu, akuje atuongoze kwa ombi la saa sita."

Yaani ombi langu.

Kabla sijaweka kisu chini, gauni la manjano lilikuwa limeshachomoka. Nilimfuata mbio. Lakini nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, na ardhi ya bustani imepasuka nyufa. Kisigino kikaingia ufa mmoja kikakaa huko. Nilipofika nusu ya njia na kiatu kimoja, maikrofoni ilikuwa tayari mdomoni mwa mtoto.

"Unaitwa nani, malaika?"

"Mumbua!"

Watu walilipuka. Mumbua! Mtoto wa mvua! Kina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akavua kofia akaibana kifuani. "Ni ishara," akasema mchungaji. "Omba, mtoto wangu."

Mumbua akafunga macho. Nilimfundisha kuomba mwenyewe. Anaomba vizuri, kwa sauti, na hamfichi Mungu kitu.

"Baba Mungu, asante kwa siku ya leo. Asante kwa bathdei yangu. Asante kwa sababu watu wamekuja. Na asante kwa sababu umeshikilia mvua, vile mami hukuomba kila asubuhi. Endelea tu kuishikilia hivyo hivyo, tukate keki. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina. Jenereta peke yake ndiyo iliendelea. Halafu vichwa mia mbili vikaanza kugeuka kumtafuta mami, na haikuwa kazi ngumu, kwa sababu alikuwa katikati ya uwanja, kiatu kimoja, paka mwenye kofia ya waridi.

"Kumbe ni yeye!"

"Sisi tunafunga chakula, mwenzetu anafunga mvua!"

"Nimepanda mara mbili," mzee mmoja akalia, "mbegu ikaliwa na kuku mara mbili. Na kumbe ni fundi wa nguo!"

Mchungaji akajaribu. "Wapendwa, tusimhukumu dada yetu..."

"Hakuna mwenye anamhukumu," akasema Mama Nzioki. "Aliomba. Sasa aondoe ombi. Hapa hapa, kwa maikrofoni, kila mtu akisikia."

"Ni ukweli!" akaitikia mama yangu kutoka upande wa chini. Mama yangu mzazi! "Mwenye alifunga mlango ndio ako na ufunguo!" (Hakuna mtu alikuwa amemuuliza.)

Nilienda. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nimeshakubali, nataka tu niseme maneno hayo nimalize nihamie kaunti nyingine. Nikanyoosha mkono nichukue maikrofoni, na hapo nikauona uso wa Mumbua. Hakuelewa kosa lilikuwa wapi, lakini alijua lipo. Midomo ilikuwa inacheza. Akaninong'oneza, na spika zikaubeba mnong'ono wake hadi stendi.

"Mami, sasa wataenda?"

Basi hasira ikanipanda. Sijui ilitoka wapi, lakini aibu yote iliniondoka. Nikachukua maikrofoni.

"Hakuna mtu anaenda. Ni ukweli, niliomba. Nilikosea, na nitaliondoa hilo ombi. Lakini nitaliondoa baada ya keki."

Kelele zikazuka. Mama Nzioki akainua mkono zikatulia. "Mama Mumbua, unapatana bei na Mungu?"

"Sipatani na Mungu, napatana na nyinyi. Mama Nzioki, huyu mtoto nimemfanyia bathdei miaka mitatu, na miaka mitatu amekula keki na mimi. Mvua ikinyesha hamji, mko shambani. Mvua isiponyesha hamji, mmefunga. Sasa mniambie nyinyi wenyewe, huyu mtoto azaliwe lini?"

Kofia sikuitoa. Kutoka nyuma mtu akaanza kucheka, ni yule mzee aliyepanda mara mbili, na kicheko chake kikakohoa na kuendelea. Mama Nzioki hakucheka. Alikuwa anamwangalia Mumbua.

"Hiyo keki inachukua dakika ngapi?"

"Kumi."

"Basi haraka. Jua ni kali na hatujakula tangu jana."

Ndugu zangu, makanisa manne yaliteremka yakaizunguka meza yangu. Watu mia mbili wenye njaa, wamesimama mbele ya pilau, chapati na kuku watatu wa Migwani, wanaimba wimbo wa bathdei kwa sauti nne na ngoma. Shemasi mmoja alikuwa anasindikiza kila sahani kwa macho. Mama Nzioki mwenyewe alishika kisu pamoja na Mumbua. Mtoto hakuangalia keki hata kidogo. Alikuwa anaangalia watu, anageuza kichwa huku na huku, mdomo wazi.

Halafu, kama kawaida ya bathdei, ikabidi alishe wageni. Akachukua kipande, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

"Mtoto wangu, leo nimefunga."

"Lakini ni ya bathdei," akasema Mumbua, na akangoja na mkono juu.

Mchungaji akaangalia mbinguni. Akatuangalia sisi. Akafungua mdomo. "Aaah!" umati wote ukasema, na kutoka hapo mfungo ukaanza kulegea upande wa nyuma. Niliona chapati zikiondoka na sikuuliza zimeenda na nani.

Ahadi ni deni. Nilipanda upande wa juu, nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wote na masharubu yangu, nikaomba. "Baba, yale niliyokuomba wiki mbili hizi, yafute. Ile saa niliyokupa, isahau. Lete mvua siku yoyote unayotaka."

"Na Jumamosi?" akauliza Mama Nzioki pembeni.

"Hata Jumamosi."

"Na kama uko na sherehe?"

"Hata kama nina sherehe."

"Malizia yote."

Nikakumbuka mwezi wa nne niliomba isinyeshe kwa sababu nilikuwa nimeanika sare za shule. Nikaliondoa na hilo. (Watu waliguna vibaya sana.) Amina.

Watu mia mbili wakainua nyuso juu. Mbingu ilikuwa ya buluu kutoka pembe hadi pembe. Kunguru mmoja akapita. Tulisimama hivyo karibu dakika tano, na mwishowe nikasikia sauti nyuma yangu ikisema, "Huyu amebakisha."

Saa hii ni saa kumi na moja jioni, niko nyumbani, masharubu yamekataa kutoka na sabuni. Watu watatu wameshabisha hodi kuuliza kama niliondoa kwa moyo ama kwa mdomo tu. Mchungaji ametuma ujumbe kwamba kuanzia kesho ombi la saa sita ni langu kila siku mpaka inyeshe. Mama yangu anasema ni haki.

Mumbua amelala chali juu ya kochi, gauni bado mwilini, taji limekunjika.

"Mami, walikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Hata wazee walikuja. Hata mchungaji, na maikrofoni yake." Akahesabu kitu kwa vidole, vikaisha. "Hao wote ni nani aliwaita kwa bathdei yangu?"

Nikamwambia ni mimi. (Hilo nalo nitaliondoa siku nyingine, si leo.)

Haya, chekeni, lakini polepole. Na yeyote atakayeona wingu popote, liwe la Makueni liwe la Kitui, hata likiwa dogo namna gani, tafadhali anipigie saa hiyo hiyo.